Grace Hopper: Mama aliyeigawa sekunde kwa vipande vya waya

UMEWAHI kumuuliza mfugaji kisima kiko umbali gani? Ukienda Sericho, kule Garbatulla katika Kaunti ya Isiolo, usishangae ukikosa jibu la kilomita. Mzee anaweza kuinua fimbo yake na kukuonyesha mahali jua litakapokuwa wakati utakapofika. Basi. Ukitoka asubuhi na ng'ombe wako, jua likifika pale utaona maji. Kwake yeye umbali ni muda, na hesabu hiyo haimdanganyi kwa sababu anaujua mwendo wa mifugo yake.

Waborana ni watu wa kuhesabu muda tangu jadi. Kalenda yao ya asili ina siku 27 zenye majina, na wataalamu wake, wanaoitwa ayyaantu, husoma mwezi na nyota ili kujua leo ni siku gani.

Sasa tuseme umeenda Sericho likizo, na laptopu yako kuukuu mkobani. Wewe si ndiye unayesomea kompyuta Nairobi? Basi umepewa kazi. Kesho kuna chanjo ya mifugo, na wazee wanataka ukague orodha ya wanyama ili ijulikane kama kuna aliyeandikwa mara mbili. Unaandika programu. Unaijaribu kwa wanyama 1,000, majibu yanatoka kabla hujapepesa jicho. Unavimba kichwa kidogo. Kesho yake unaiwekea orodha ya wadi nzima, tuseme wanyama 100,000: mbuzi, kondoo, ngamia na ng'ombe. Programu inaganda. Dakika moja, mbili, tatu. Betri inashuka, sola ina mawingu, wazee wamekaa chini ya mgunga wanakutazama.

Utalaumu nini? Laptopu? Mtandao? Joto? Wengi wetu hapo huanza kubahatisha. Mmoja anasema ununue mashine mpya, mwingine anasema uizime na kuiwasha tena.

Kabla hujaigusa mashine hiyo, ngoja nikusimulie habari za mama mmoja Mmarekani aliyetumia maisha yake yote kuwafundisha watu wasibahatishe. Mzee wa Sericho hupima umbali kwa muda. Huyu mama aliligeuza jambo hilo juu chini: alipima muda kwa umbali, akaushika mkononi, akaugawia watu. Jina lake ni Grace Hopper.

Saa saba zilizofunguliwa

Alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua moja. Vyuma vikamwagika, kuirudisha ikamshinda. Basi akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilikuwaje. Nayo ikamshinda. Mama yake alipokuja kushtuka, saa saba za nyumba hiyo zilikuwa zimelala vipande vipande. Unajua adhabu aliyopewa? Aliambiwa kuanzia siku hiyo acheze na moja tu.

Mtoto huyo alikua akiyapenda mahesabu. Alihitimu katika Chuo cha Vassar mwaka wa 1928 kwa hisabati na fizikia, akapata shahada ya uzamili Yale mwaka wa 1930, na shahada ya uzamifu katika hisabati mwaka wa 1934. Wanawake waliofika hapo enzi hizo walikuwa wachache mno. Mwaka wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper, aliyekuwa mwalimu kama yeye. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka wa 1945, lakini jina la Hopper alibaki nalo hadi kaburini.

Alifundisha Vassar kuanzia mwaka wa 1931. Maisha yangeweza kuishia hapo, kwa chaki na ubao, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, naye akataka kujiunga na jeshi la wanamaji. Akaambiwa umri umempita. Akaambiwa ni mwembamba kupita kiasi. Akaambiwa mwalimu wa hisabati anahitajika zaidi darasani. Aliendelea kubisha hodi hadi Desemba 1943 alipokubaliwa kwa ruhusa maalum, akiwa na miaka 37. Katika mafunzo ya uofisa alitoka wa kwanza darasani.

Kumbuka hilo la umri. Litarudi.

Mashine iliyotumia sekunde 6 kuzidisha

Katikati ya mwaka wa 1944 alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko alikuta dude la urefu wa zaidi ya mita 15 na uzani wa zaidi ya tani 4, likinguruma kama kiwanda cha nguo. Hiyo ndiyo Mark I, moja ya kompyuta za kwanza duniani. Mkubwa wake, Howard Aiken, hakumpa hata siku ya kuzoea mazingira. Alimpa hesabu ngumu papo hapo na muda wa wiki moja tu wa kuimaliza.

Maagizo ya Mark I yaliandikwa kwa matundu kwenye utepe wa karatasi. Kujumlisha mara moja kulichukua sekunde 0.3. Kuzidisha namba mbili kulichukua sekunde 6. Kugawanya, zaidi ya sekunde 15. Simu yako ya bei ya chini kabisa ingelicheka dude hilo.

Lakini polepole yake ilikuwa na faida moja kwa mwanafunzi. Kila hatua ulikuwa ukiisikia na kuiona. Ungeweza kukaa na kalamu, ukahesabu programu yako ina kujumlisha mara ngapi na kuzidisha mara ngapi, kisha ukajua kama itamaliza kabla ya chakula cha jioni au kesho asubuhi. Muda haukujificha.

Hebu turudi kwa wale wanyama 1,000 wa Sericho. Tuseme programu yako inamchukua kila mnyama na kumlinganisha na wenzake wote mmoja mmoja. Ni ulinganisho 499,500. Tuseme Mark I ingetumia kwa kila ulinganisho muda ule ule wa kujumlisha mara moja. Kazi hiyo ingeichukua karibu saa 42, usiku na mchana. Ukiwa na mashine kama hiyo, utafikiri mara mbili kabla ya kuandika upuuzi.

Kazi za Mark I zilikuwa za vita. Ilipiga hesabu za jeshi la wanamaji, na mwaka huo wa 1944 ilipewa pia hesabu iliyohusu utengenezaji wa bomu la atomiki. Si historia ya kuimba nyimbo. Lakini ndipo mama huyu alipojifunza kazi, na ndipo alipoandika kitabu cha maelekezo ya mashine hiyo, chenye kurasa zaidi ya 500, kilichotoka mwaka wa 1946.

Nondo wa saa kumi kasorobo

Huenda umesikia kwamba Grace Hopper ndiye aliyegundua mdudu wa kwanza kwenye kompyuta. Kisa hicho kina ukweli na chumvi. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine ya pili ya Harvard, Mark II, ilisumbua. Mafundi wakafungua, wakakuta nondo amenaswa ndani ya swichi. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi. Hadi leo daftari hilo, pamoja na nondo wake, lipo kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani.

Hopper siye aliyemtoa nondo, na wahandisi walikuwa wakiita hitilafu mdudu miaka mingi kabla ya hapo. Yeye alikipenda kisa hicho tu na kukisimulia kila alikokwenda. Lakini angalia jambo ambalo wengi hulipita: kwenye daftari lile, kando ya nondo, saa imeandikwa. Ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri. Watu wale waliandika kila kilichotokea na wakati kilipotokea. Bila daftari lenye saa, kuchelewa kwa mashine ni malalamiko tu.

Muda wa nani?

Vita vilipokwisha, Hopper aliomba kuingia katika jeshi la wanamaji la kudumu. Akakataliwa. Umri tena! Akabaki askari wa akiba, na mwaka wa 1949 akaenda Philadelphia kufanya kazi katika kampuni ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikitengeneza kompyuta iitwayo UNIVAC. Hii haikutumia magurudumu na swichi za kugongana. Ilikuwa ya kielektroniki, na ilijumlisha karibu mara 1,900 kwa sekunde moja. Ile kazi ya saa 42 ingekuwa kazi ya dakika nne na kitu.

Watu walishangilia. Hopper yeye akatazama kwingine. Aliona kwamba mashine imekwenda mbio, lakini binadamu amebaki pale pale. Mtaalamu alikaa siku na wiki akiandika maagizo kwa namba, akinakili vipande vya kazi za zamani kutoka madaftari ya wenzake, na kila akinakili anakosea tarakimu moja, kazi nzima inaharibika. Sehemu iliyochelewesha kazi ilikuwa imehama. Zamani ilikuwa kwenye chuma, sasa ilikuwa kwenye meza ya mwandishi.

Basi mwaka wa 1952 akatengeneza programu iliyoitwa A-0. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na kupimwa, na kuviunganisha yenyewe kuwa programu moja. Ndiyo mwanzo wa kile wataalamu wanachokiita kompaila, na leo hakuna programu kwenye simu yako ambayo haikupitia mikononi mwa ndugu zake.

Unadhani alipigiwa makofi? Wapi! Wengi waliamini kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Wengine walikuwa na hoja nzito zaidi: muda wa mashine ni ghali kama dhahabu, na programu iliyounganishwa na mashine itakwenda polepole kuliko ile iliyosukwa na fundi kwa mkono. Kwa hoja hiyo hawakuwa wajinga. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Hapo ndipo Hopper alipowafundisha jambo ambalo linafaa hadi leo. Walikuwa wanawasha saa wakiwa wamechelewa. Walianza kuhesabu muda pale mashine ilipoanza kuzunguka, wakasahau wiki tatu za mtu aliyekaa akiandika na kusahihisha. Yeye alitaka saa ianze pale swali linapozaliwa na isimame pale jibu sahihi linapopatikana. Ukipima hivyo, programu inayochelewa kidogo lakini imeandikwa kwa siku moja inaishinda ile ya kasi iliyokula mwezi.

Kisha akaenda mbali zaidi: kwa nini mtu wa benki au wa stoo aandike kwa alama za hisabati? Mbona asitumie maneno yake? Alisimulia kwamba aliwahi kuwaonyesha wakubwa wake programu iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa walishtuka. Haikuwaingia akilini kwamba kompyuta ya Marekani inaweza kuelewa lugha ya kigeni. Kwake yeye lilikuwa jambo jepesi, kwa maana kwa mashine neno lolote ni alama tu. Wewe unayesoma Kiswahili, na pengine nyumbani unasema Kiborana, jiulize mwenyewe hilo lina maana gani.

Kazi hiyo ilizaa lugha ya FLOW-MATIC, nayo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kutungwa mwaka wa 1959. Wengi humwita mama wa COBOL. Ukweli ni kwamba iliandikwa na kamati, yeye akiwa mshauri. Hadi leo ipo benki duniani inayotegemea COBOL kukokotoa fedha za wateja wake.

Waya wa sentimita 30

Mwishoni mwa 1966 jeshi la wanamaji lilimstaafisha. Umri, kama kawaida. Lakini programu za jeshi zilikuwa vurugu tupu, na mwaka wa 1967 likamwita arudi kwa miezi sita ili apange mambo. Hiyo miezi sita, rafiki yangu, ilizidi miaka kumi na minane.

Miaka hiyo alizunguka akitoa mihadhara, na ndipo vile vipande vya waya vilipopata umaarufu. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuhesabu kwa nanosekunde, yaani sekunde moja ukiigawa mara bilioni moja. Hopper alikiri kwamba kichwa chake hakikuweza kuipiga picha nanosekunde. Bilioni ni nini? Akawaomba wahandisi wamkatie moja. Kwa kuwa hakuna kitu kinachokwenda kasi kuliko mwanga, akasema wamkatie waya wenye urefu ambao mwanga hufika kwa nanosekunde moja. Ukatoka waya wa karibu sentimita 30, wa kushika mkononi.

Akaanza kuwagawia watu: wanafunzi, maadmirali. Kisha akawaletea bunda la waya wa karibu mita 300. Hiyo ilikuwa maikrosekunde, yaani nanosekunde 1,000. Aliwatania waandishi wa programu kwamba kila mmoja avikwe bunda hilo shingoni, ili akitupa maikrosekunde hovyo ajue anachokitupa kina uzito. Na pikosekunde, ambayo ni ndogo mara elfu kuliko nanosekunde? Aliwaonyesha punje za pilipili manga.

Simu nyingi za leo zina kichakataji chenye midundo bilioni mbili kwa sekunde. Mdundo mmoja ni nusu ya nanosekunde. Kwa muda huo mwanga unakwenda sentimita 15, takriban urefu wa simu yenyewe. Ndiyo maana vipande vya ndani lazima viwe vidogo na vikae karibu karibu.

Maadmirali walikuwa na swali lao: mbona ujumbe wa setilaiti unachelewa? Akawaonyesha waya, akawaambia wahesabu nyaya kama hizo zilizopo kati yao na setilaiti. Setilaiti inayoonekana kusimama juu ya ikweta ipo kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ni nyaya milioni 119 hivi, kwenda juu tu.

Swali hilo limeishi hapa kwetu pia. Kabla ya mwaka wa 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini, Kenya ilitegemea setilaiti za aina hiyo kupata intaneti. Swali lako lilipanda juu, likashuka ng'ambo, jibu likapanda tena na kushuka kwako. Safari hiyo peke yake, bila mtu yeyote kufanya uzembe, ni karibu nusu sekunde. Hakuna laptopu ya bei yoyote ingeweza kuifupisha. Leo mtu wa Sericho akitumia setilaiti mpya za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka wa 2023 na ambazo huzunguka takriban kilomita 550 juu, safari ya angani inashuka hadi sehemu ndogo sana ya hiyo. Mwanga haukubadilika. Umbali ndio uliopungua.

Hata M-Pesa ina kisa chake. Ilianza mwaka wa 2007, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Yaani ukimtumia jirani yako hela mkiwa mmekaa benchi moja, ujumbe ulivuka bahari kwenda Ulaya na kurudi. Mwaka wa 2015 seva zikaletwa Kenya.

Unaona mama huyu alikuwa akifundisha nini kwa waya wake? Kuchelewa kuna aina mbili. Kuna kule kunakotoka kwa Mungu, kwa maana mwanga una kasi yake na umbali ni umbali. Hapo huna ujanja ila kusogea karibu. Na kuna kule tunakokuleta sisi kwa uzembe wetu. Bila kupima hutajua ni kupi, na utanunua laptopu mpya kutibu uzembe, au utavunja kichwa ukipigana na umbali.

Haya, tupime

Rudi sasa chini ya mgunga. Wazee bado wapo. Fanya kama Hopper angefanya.

Kwanza, weka saa ndani ya programu: soma saa kabla ya kila sehemu na baada yake, kisha utoe. Tumia saa ya kupimia muda, ile inayokwenda mbele tu. Ukiandika kwa Python, inaitwa perf_counter. Saa ya kawaida ya ukutani inaweza kurekebishwa na mtandao katikati ya kazi, ukapata jibu la ajabu kwamba programu ilimaliza kabla ya kuanza.

Pili, usiamini kipimo kimoja. Mara ya kwanza mashine huwa inapakia vitu, kwa hivyo huchelewa. Programu nyingine nazo zinaiba muda pembeni. Na joto la Sericho si mchezo: mashine ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Funga usivyovihitaji, pima mara kadhaa, utazame muda mfupi zaidi na ule wa katikati.

Tatu, tenganisha muda uliopita na muda ambao kichakataji kilikuwa kazini. Kama zimepita sekunde 60 na kichakataji kimefanya kazi sekunde 2, basi programu yako ilikuwa imekaa ikisubiri, pengine mtandao au diski. Kama ni 60 kwa 59, usimlaumu mtu wa mtandao. Tatizo ni lako.

Nne, ongeza mzigo mara mbili uone. Wanyama 1,000, halafu 2,000. Muda ukiongezeka mara mbili, shwari. Ukiongezeka mara nne, umeshika mwizi. Ulinganisho wa wanyama 1,000 ni 499,500. Wa wanyama 2,000 ni 1,999,000. Na wa wanyama 100,000 ni karibu bilioni tano. Ndiyo maana jana ulionekana shujaa na leo umeaibika. Laptopu ni ile ile. Njia uliyochagua ndiyo isiyobeba mzigo mkubwa.

Dawa yake? Panga orodha kwanza kwa namba za hereni za masikioni, kutoka ndogo hadi kubwa. Wanyama wenye namba moja watasimama wakifuatana, nawe utamlinganisha kila mmoja na jirani yake tu. Kupanga na kulinganisha kwa pamoja ni hatua milioni mbili hivi. Kutoka bilioni tano hadi milioni mbili, kwa laptopu ile ile kuukuu, kwa betri ile ile. Hata mchungaji angekuambia: ukitafuta pacha katika zizi, usikimbie huku na huku, wapitishe mlangoni kwa mstari.

Saa iliyokwenda kinyume

Grace Hopper alipandishwa cheo hadi admirali. Alistaafu rasmi tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, ofisa mkongwe kuliko wote waliokuwa kazini katika majeshi ya Marekani. Yule aliyeambiwa umri umempita akiwa na miaka thelathini na kitu! Hata hapo hakwenda kulala. Kampuni ya kompyuta ya DEC ilimchukua kama mshauri, akaendelea kugawa nyaya zake hadi alipofariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85. Alizikwa kwa heshima za kijeshi kwenye makaburi ya Arlington. Meli ya kivita ikapewa jina lake. Na mwaka wa 2016 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Siaya kwetu, alimtunuku nishani kubwa zaidi ya raia nchini Marekani, miaka 24 baada ya kifo chake.

Ofisini mwake ukutani kulikuwa na saa ambayo mishale yake ilizunguka kinyume. Wageni walichanganyikiwa dakika chache, kisha wakaizoea, wakaisoma bila shida. Aliitundika kwa ajili ya wale wanaotetea jambo kwa sababu tu limekuwa likifanywa hivyo siku zote. Yule mtoto wa saa saba hakuwahi kuacha kuzifungua.

Sasa fanya hivi. Tafuta uzi au waya, uukate sentimita 30, uubandike karibu na mahali unapoandikia programu. Siku programu itakapokwama, usipige kibao laptopu wala usimtukane mtu wa mtandao. Ushike huo uzi, uwashe saa, upime. Na wazee wa Sericho wakikuuliza kazi itaisha lini, utaweza kuinua kidole na kuwaonyesha jua litakapokuwa.